Choo Huchaguliwa Kabla ya Jamvi: Hotuba kwa Wanaojenga Nyumba Zao Wenyewe

Wazee wetu, shikamooni. Kina mama, kina baba, vijana mnaojenga kwa awamu, na ninyi mliokuja kwa niaba ya ndugu walioko Maskati, London au Houston, karibuni sana.

Wengi wenu hapa mna boma. Limefika lenta au limeshapauliwa, na fundi ameanza kuuliza maswali ya aina nyingine: marumaru zipi, choo gani, milango ya mbao ipi, rangi gani. Mmeamua kununua wenyewe badala ya kumwachia mkandarasi. Tunauunga mkono uamuzi huo, kwa sababu anayelala ndani ya nyumba ndiye anayejua anataka kukanyaga nini akiamka. Ila kununua mwenyewe ni kazi, na kazi hiyo ina mpangilio wake. Mpangilio huo ndio uliotuleta hapa.

Katika nyumba nyingi, Goba, Kigamboni, Chanika, kote, fedha hupotea kwa sababu vitu vilichaguliwa kwa kuchelewa. Mtu hufuata siku ya kufunga. Choo hufungwa mwishoni, basi na kukichagua anakuweka mwishoni. Lakini bomba la choo hicho hicho lilishafukiwa chini ya jamvi, ile zege ya sakafu, miezi kadhaa nyuma, likakaa pale fundi alipoona panafaa. Kwa hiyo shikeni jambo hili: kila kitu cha kumalizia kichaguliwe kabla ya kile kitakachokifunika kufungwa. Kuchagua ni jambo moja, kununua ni jambo jingine. Unaweza kuchagua choo leo, ukaandika jina, namba na vipimo vyake, ukaja kukilipia mwaka kesho. Bomba lako litakuwa limekaa mahali sahihi.

Tuanze na choo chenyewe, maana hapo ndipo tunapoona mapatasi mengi zaidi kwenye marumaru mpya.

Choo cha kukaa hutoa uchafu kwa njia mbili. Vipo vinavyotoa chini, sakafuni, na vipo vinavyotoa nyuma, ukutani. Cha kutoa nyuma kwa kawaida hutaka kitovu cha bomba kiwe sentimita 18 juu ya sakafu iliyokwisha kuwekwa marumaru. Cha kutoa chini kina kipimo chake kwenye karatasi ya vipimo, mara nyingi milimita 300, ambacho ni umbali kutoka ukutani hadi kitovu cha tundu. Sasa sikilizeni vizuri: ukuta unaosemwa hapo ni ukuta uliokwisha kupambwa. Fundi bomba anapoweka bomba, ukuta bado ni tofali tupu. Lipu itakuja na milimita 15, gundi na marumaru zitakuja na nyingine 15. Akipima 300 kutoka kwenye tofali, siku ya kufunga utabaki na 270, na tangi la choo litagonga ukuta kabla choo hakijafika kwenye tundu. Hapo ndipo sakafu mpya inapovunjwa. Kwa choo hicho, kutoka kwenye tofali alitakiwa apime 330. Milimita 30 tu, na ni suala la kuwa na karatasi ya vipimo mkononi siku ya kulaza bomba.

Hesabu hiyo hiyo inatawala kila kitu kinachotoka ukutani. Miksa ya bafuni ya kufunga nje ya ukuta hutaka elbo mbili zilizoachana milimita 150 kutoka kitovu hadi kitovu, usawa mmoja, maji moto kushoto na baridi kulia. Miksa ya kuzika ukutani ina alama mbili kwenye kifuniko chake cha plastiki, kina cha chini na kina cha juu, na uso wa marumaru lazima uangukie katikati ya alama hizo. Miksa ya namna hiyo haichaguliwi tu mapema, hununuliwa mapema, kwa sababu mwili wake unazikwa kabla ya lipu.

Tukiwa bado bafuni tuzungumze nguvu ya maji, maana duka halitakuuliza tangi lako liko wapi. Nyumba zetu nyingi zinakula maji ya tangi lililo juu ya mnara. Kila mita 1 ya kimo inakupa karibu baa 0.1, na baa ni kipimo cha nguvu ya maji. Tangi likiwa na kitako mita 6 juu, na bomba la mvua likiwa mita 2 juu ya sakafu, umebakiwa na mita 4, yaani baa 0.4, kabla hujahesabu maji yanavyopoteza nguvu kwenye elbo na valvu. Yale mabomba ya mvua yenye sahani pana, yanayopendeza sana dukani, mengi huandikwa kwamba yanahitaji baa 1 na zaidi. Ukiyafunga kwenye mnara wako yatadondosha. Una njia mbili: chagua lililoandikwa linafaa nguvu ndogo, au uweke pampu ya kusukumia, na pampu inataka soketi karibu na tangi, na soketi inataka waya upite kabla ya lipu. Mnaona jinsi sahani ya bomba la mvua inavyoamua waya wa umeme upite wapi.

Na unene wa bomba pia. Bomba la plastiki la PPR la milimita 20 la maji moto lina ukuta wa milimita 3.4, kwa hiyo tundu linalopitisha maji ni milimita 13.2 tu. La 25 lina tundu la 16.6, la 32 lina 21.2. Fundi anayeshusha bomba la 20 kutoka tangini hadi vyoo viwili na jiko anakuokolea fedha kidogo sana na kukunyima maji siku zote. Shusha la 32, gawa kwa 25, ishia na 20 kwenye kifaa kimoja kimoja.

Kwa wale wa Dar es Salaam na pwani yote mnaotumia kisima chenye chumvi: msinunue bomba jepesi. Lishike mkononi. La shaba nzito linatulia kiganjani, la zinki lililopakwa mng'ao linapepea, na chumvi hulitoboa kuanzia ndani. Kama unataka bomba la mvua la umeme, uliza lenye elementi iliyotengenezwa kwa maji ya chumvi, kwa sababu chumvi hupitisha umeme na hula elementi ya kawaida kwa haraka. Na lisitumie waya wa soketi. La wati 5,500 kwenye volti 230 linavuta karibu ampea 24. Lipe waya wake wa milimita za mraba 4 kwa uchache, na kikata umeme chake peke yake kwenye bodi. Kuunganisha ardhi si hiari hapo. Ni uhai wa mtu aliyesimama kwenye maji.

Umeme kwa ujumla tutaupitia haraka. Waya wa taa uwe wa milimita za mraba 1.5, wa soketi 2.5, wa jiko la umeme 6, na kazi ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kwa sababu huyo ndiye anayewajibika. Tatizo kubwa la anayejinunulia ni waya bandia. Kwangua ncha kwa kisu: shaba halisi ni nyekundu hadi ndani, na ukikuta weupe chini ya wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, inachemka na kulegea kwenye skrubu. Fungua pia roli ya waya upime urefu. Kabla ya lipu, tembea chumba kwa chumba na chaki. Kitanda kitakaa wapi, televisheni wapi, kiyoyozi wapi, mlango utafungukia upande gani ili swichi isijifiche nyuma yake. Piga picha kuta zote zikiwa wazi, na futi kamba ionekane kwenye picha. Siku ya kutoboa ukuta kwa ajili ya kabati utajua bomba liko wapi.

Sasa marumaru. Hapa tutakaa kidogo, maana ndizo zinazobeba fedha nyingi na makosa mengi.

Chukueni chumba cha mita 4 kwa 3.5. Sakafu yake ni mita za mraba 14. Ongeza asilimia 10 ya kukata na kuvunjika, unapata 15.4. Kama mpangilio ni wa mshazari ongeza 15, kwa sababu kila ukingo unakatwa pembe. Marumaru ya 60 kwa 60 ina mita za mraba 0.36, kwa hiyo unahitaji 43. Bado hujaweka skatingi, ule ukanda wa chini ya ukuta. Mzunguko wa chumba ni mita 15, toa mlango wa sentimita 90, zimebaki 14.1. Marumaru moja, ukitoa unachokula msumeno, inatoa vipande 5 vizuri vya sentimita 10, yaani mita 3. Kwa hiyo marumaru 5 zaidi. Jumla 48, na kwa boksi lenye marumaru 4 hayo ni maboksi 12. Wengi wanahesabu 14 gawanya kwa 1.44, wanapata maboksi 10, halafu wanarudi dukani mara mbili. Maboksi hayana idadi moja kwa kila saizi, kwa hiyo soma ubavuni mwa boksi, usikisie.

Kurudi dukani ndiko kunakoleta msiba, na sababu iko ubavuni mwa boksi hilo hilo. Tafuta namba ya shedi na namba ya saizi. Kiwanda, kiwe cha Mkuranga, cha Chalinze au cha ng'ambo, huchoma marumaru kwa awamu, na awamu mbili za jina moja hazifanani kabisa. Shedi ikitofautiana, sebule yako itakuwa na mstari ambapo weupe mmoja unaishia na mwingine unaanza, na mstari huo unaonekana zaidi jioni, taa ikiwaka. Saizi ikitofautiana, hata kwa milimita 1, mistari ya grauti, ule ujazo wa kati ya marumaru, itakimbia. Kwa hiyo nunua za chumba kizima siku moja, shedi moja, saizi moja, na uongeze boksi 1 la kutunza. Zikifika nyumbani, linganisha kila boksi na lingine kabla gari halijaondoka. Boksi la 60 kwa 60 lina uzito wa karibu kilo 30, kwa hiyo maboksi 60 ya nyumba nzima ni kama tani 1.8. Kirikuu kimoja hakitayabeba kwa safari moja bila kuyavunja. Yapangwe kwa ubavu, yasilazwe.

Chukua marumaru mbili kutoka maboksi tofauti, zikutanishe uso kwa uso. Zikicheza kama bembea, zimepinda. Mpindo mdogo unavumilika, lakini kwa zile ndefu za 60 kwa 120 mpindo unaonekana vibaya ukizipanga kama tofali, nusu kwa nusu. Zisogeze theluthi badala ya nusu, kwa sababu kwa nusu sehemu iliyoinuka ya moja inakutana na sehemu iliyozama ya jirani yake, na vidole vya miguu vinajikwaa.

Kisha geuza moja, mwagia matone ya maji mgongoni. Za ukutani zinanywa maji papo hapo. Za sakafu ngumu, zile za poseleni, hazinywi karibu kitu, chini ya asilimia 0.5 ya uzito wake. Jambo hili linawaumiza watu wengi sana, kwa sababu mafundi wetu walijifunza kazi kwa marumaru zinazokunywa. Waliziloweka, wakapaka uji wa saruji mgongoni, zikashika. Poseleni hainywi uji huo. Inakaa juu yake kama sahani juu ya meza. Miezi inapita, sakafu inapanuka na kusinyaa, na usiku mmoja mnasikia mlipuko: safu nzima imeinuka katikati ya sebule. Poseleni inataka gundi yake, ya mifuko. Mfuko wa kilo 25 unatosha takribani mita za mraba 5 kwa mwiko wa meno ya milimita 10, kwa hiyo chumba chetu kinataka mifuko 3, na 4 ukihesabu skatingi na upotevu. Gundi itandazwe sakafu yote. Ile namna ya kuweka mafungu matano, manne pembeni na moja katikati, inaacha uwazi chini, na kitu kizito kikianguka juu ya uwazi, marumaru inapasuka. Baada ya siku 2 gongagonga kila moja kwa mpini wa nyundo. Inayolia kama ngoma itolewe wakati huo huo, fundi angali yupo na fedha yake haijakwisha.

Acheni nafasi ya milimita 2 au 3 kati ya marumaru kwa kutumia spesa, na milimita 8 hivi kuzunguka chumba, chini ya skatingi, isijazwe saruji. Kuna wateja wanaotaka zigusane kabisa ili sakafu ionekane kama kioo. Tunawaomba msifanye hivyo. Sakafu yenye joto ikikosa pa kwenda pembeni, inakwenda juu.

Za bafuni na barazani ziwe na mkwaruzo. Kwenye karatasi ya kiwanda tafuta daraja la kutoteleza la R10, na kwa baraza linalonyeshewa R11. Zenye kung'aa ziacheni sebuleni. Kabla marumaru za bafuni hazijawekwa, sakafu ipakwe dawa ya kuzuia maji mikono miwili, ya pili ikikata ya kwanza, ipande ukutani sentimita 20, na pale panapoogewa ipande hadi mita 1.8. Ikikauka, ziba tundu, jaza maji, acha saa 24, kisha kagua ukuta wa chumba jirani. Mteremko wa kuelekea tunduni uwe sentimita 1.5 hadi 2 kwa kila mita. Hatua hii fundi atataka kuiruka kwa sababu haionekani. Nunua dawa wewe, na uwepo siku inapopakwa.

Milango nayo. Mninga, mkongo, au mtiki wa Longuza na Kilombero, zote ni mbao nzuri. Ubaya unaletwa na unyevu. Mlango uliochongwa kwa mbao mbichi unafungwa vizuri mwezi wa kwanza, na kufikia kiangazi umejikunja, kitasa hakiingii kwenye tundu lake. Usiridhike na neno la muuzaji kwamba mbao zimekaa mwaka mzima. Omba kipande cha ubao huo huo, kikatwe kutoka katikati na si kwenye ncha. Kipime kwenye mizani ndogo ya jikoni. Tuseme ni gramu 540. Kiweke kwenye oveni ya moto mdogo, nyuzi 100 na kidogo, ukipima kila baada ya saa chache mpaka uzito ukome kushuka. Tuseme imefika 450. Zimepotea gramu 90, gawa kwa 450, ni asilimia 20. Ubao huo haujafika. Kwa hewa ya pwani unataka kati ya 12 na 15. Kipande kimoja na siku moja ya kusubiri vinakuambia ukweli kuhusu milango yote 8 uliyoagiza Keko.

Fremu zipimwe kwa kutazama sakafu itakayokuja. Kama jamvi bado litapata sentimita 4 za saruji na 1.5 za gundi na marumaru, fremu isimame ikihesabu hizo 5.5, la sivyo mlango utakatwa chini na kupoteza umbo lake. Mlango mzito wa mbao ngumu unataka bawaba 3 za inchi 4. Kuhusu vitasa na bawaba za chuma kisichoshika kutu, wauzaji hutumia sumaku kukuaminisha. Sumaku haitoshi. Daraja 201 na daraja 304 zote mara nyingi hazishikwi na sumaku, lakini 201 ikiwa karibu na bahari inatoa madoa ya kutu upesi. Tafuta namba iliyogongwa kwenye chuma chenyewe au kwenye boksi. Ukijenga Kigamboni au Bagamoyo karibu na ufuko, ulizia 316.

Madirisha ya alumini yapimwe baada ya lipu, si kabla, na kila tundu lipimwe sehemu tatu kwa upana na tatu kwa kimo, uchukue kipimo kidogo. Muulize fundi unene wa alumini, usikubali chini ya milimita 1.2. Dirisha la kuteleza liwe na vitundu vya kutolea maji kwenye reli ya chini. Fundi akivisahau, mvua ya masika inajaa kwenye reli na kumwagikia ndani.

Dari ya jipsamu haituchukulii muda. Karatasi moja ni mita 1.2 kwa 2.4, chumba chetu kinataka 5 kwa hesabu na 6 kwa uhalisia. Bafuni weka ya kijani inayostahimili unyevu. Na kabla dari haijafungwa, bati lijaribiwe kwa mvua moja kubwa kwanza.

Rangi ina subira yake. Lipu mpya ikae siku 28. Kabla ya hapo bado inatoa maji na chokaa kali, na rangi itavimba na kubanduka kama ngozi. Kuta zilizojengwa kwa mchanga au maji yenye chumvi zitatoa unga mweupe. Usiupake rangi, na usiuoshe kwa maji, kwa sababu maji yanairudisha chumvi ndani. Upige brashi kavu, usubiri, upige tena, mpaka ukome, halafu praima ya kuzuia chokaa. Puti ya jipsamu ni ya ndani tu. Nje na bafuni weka ya saruji nyeupe.

Chumba chetu chenye kimo cha mita 3 kina kuta za mita za mraba 45. Toa mlango na dirisha, zinabaki karibu 41. Lita moja ya rangi ya maji hufunika kama mita 10 kwa mkono mmoja, kwa hiyo mikono miwili ni lita 8 na kidogo. Ndoo ya lita 20 inamaliza vyumba viwili vya namna hiyo. Fundi akimaliza vyumba vinne kwa ndoo moja, ameijaza maji. Rangi iliyochanganywa kwa mashine uandike namba yake ya mchanganyiko, na kama ni ndoo mbili, zimiminwe pamoja kwenye pipa kabla ya kuanza.

Jikoni ni neno moja tu: nunua sinki na jiko la kuzamisha kwanza, uvipeleke kwa fundi wa kabati na wa graniti vikiwa kwenye maboksi yake. Tundu la graniti haliongezewi jiwe.

Sasa, wewe na fundi. Mkikubaliana kwamba wewe unanunua na yeye analipwa ufundi tu, andikeni mambo matatu. Kwanza, nani anahesabu idadi. Awe yeye, kwa maandishi, na wewe uongeze akiba. Pili, nani anapokea mzigo na kuukagua, kwa sababu marumaru ikishabandikwa hakuna duka litakaloipokea. Tatu, kitu kikiharibika ni cha nani. Chenye kasoro ya kiwanda ni chako na duka, kilichovunjwa kwenye kufunga ni cha fundi. Bila maandishi, kila mmoja atamnyooshea mwenzake kidole.

Kuna suala la cha juu, na tulizungumze kwa heshima. Maduka mengi humwekea fundi fungu lake anapoleta mteja, na fungu hilo liko ndani ya bei yako. Usimgombeze fundi kwa hilo. Mwambie mapema kwamba utamlipa posho ya siku kwa kukusindikiza, umlipe kweli, na macho yake yatakuwa upande wako. Nenda maduka matatu, ulize bei ya kitu chenye namba ile ile, na uulize kama bei ina kodi. Bila risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, huna pa kurudi siku boksi likikutwa na shedi nyingine. Omba pia duka liandike kwenye risiti kwamba maboksi yasiyofunguliwa yatapokewa ndani ya siku fulani.

Fedha ikiwa fupi, kata kwenye vinavyoweza kuongezwa baadaye bila kubomoa: kabati za vyumbani, taa za mapambo, urembo wa dari, sakafu ya nje. Bomba, waya, dawa ya kuzuia maji na fremu visiguswe. Ndugu wa ng'ambo wanaopakia kontena waambieni kwamba taa na vifaa vya Marekani ni vya volti 120, hapa ni 230. Wakipenda kutuma kitu, watume kwanza karatasi ya vipimo.

Vyote hivi viingie kwenye daftari moja. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kila chumba kiwe na ukurasa wake: sakafu, ukuta, dari, mlango, dirisha, maji, umeme, na mbele ya kila kimoja jina, namba, vipimo, idadi, duka, bei, na tarehe ya mwisho ya kuchagua. Tarehe hiyo ndiyo safu yenye thamani kuliko zote. Mbele ya choo andika: kabla ya jamvi. Miksa ya kuzika: kabla ya lipu. Marumaru za sakafu: kabla ya fremu, ili unene wake ujulikane. Bandika kwenye daftari kipande cha karatasi kutoka kila boksi, chenye shedi na saizi. Lile boksi moja la akiba liwekwe stoo, na juu yake liandikwe jina la chumba kwa kalamu nene.

Tunaishia hapo. Meza iko wazi, na futi kamba ipo. Mliokuja na ramani zenu zileteni mbele, tuanze na vyoo.